SOKO LA HISA: NANI NI NANI, NA SISI AKINA MAMA TUPO WAPI?

Ndugu wanachama wenzangu na nyote mnaotuunga mkono, kikundi chetu kimetimiza miaka kumi na akiba imeongezeka. Wapo wanaotaka sehemu yake iende kwenye hisa, wapo wanaosema hela ibaki kwenye mikopo yetu. Kabla hatujapiga kura, nimeona niandike habari hii, maana mtu haingii sokoni bila kujua wauzaji.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na viwanda vikubwa vilikuwa mali ya umma, soko la hisa halikuwepo. Mambo yakabadilika. Mwaka 1994 Bunge lilitunga sheria ya masoko ya mitaji na dhamana, ikaundwa Mamlaka ya kuyasimamia, yaani CMSA. Soko la Hisa la Dar es Salaam liliandikishwa mwaka 1996, na biashara ikaanza tarehe 15 Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Kampuni ya bia, TBL, ikafuata mwaka huo huo.

Sasa wanunuzi ni akina nani? Wapo wa namna nne. Kwanza ni mtu mmoja mmoja kama mimi na wewe. Wengi wa hawa waliingia NMB ilipouza hisa mwaka 2008 kwa shilingi 600, na CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150. Pili ni wakubwa: mifuko ya pensheni, mabenki na bima. Hawa hununua kwa wingi na wana wataalamu wao. Tatu ni wageni kutoka nje. Mwanzoni hawakuruhusiwa kabisa, mwaka 2003 wakaruhusiwa mpaka asilimia 60 ya kampuni, na mwaka 2014 kikomo hicho kikaondolewa. Nne ni wanaochanga pamoja. Mwaka 2005 UTT ilianzisha Mfuko wa Umoja, ambapo wenye kidogo wanakusanya hela na meneja anawanunulia hisa na hati fungani. Kwa kweli hawa ni ndugu zetu, maana haba na haba hujaza kibaba, na hata kikundi kinaweza kujiunga kwa jina lake.

Halafu wapo wanaotoa huduma. Huwezi kwenda sokoni ukanunua mwenyewe kama unavyonunua nyanya. Dalali wa hisa ndiye anayekununulia na kukuuzia, naye anakata ada yake. Mshauri wa uwekezaji anakuelekeza. Meneja wa mfuko anaendesha hela za wengi, lakini mali yenyewe inatunzwa na benki nyingine, ili asiweze kuigusa ovyo. Tena ipo hifadhi kuu ya kumbukumbu, ambayo inaandika hisa ipi ni ya nani. Juu yao wote yupo CMSA, anayetoa leseni na kunyang'anya.

Hapo kwenye leseni ndipo pa kuangalia sana, akina mama. Mnakumbuka ule mchezo wa kupanda mbegu na kuvuna, uliovunjika mwaka 2009. Watu walilia. Haukuwa na dalali, hifadhi wala leseni ya kukusanya hela za watu. Waliotangulia walilipwa kwa hela za waliofuata. Akija mtu hapa na kusema eti hela itazaa mara mbili kwa miezi mitatu, tumuulize leseni, kisha tukaulize CMSA wenyewe.

Na hata penye leseni, bei inapanda na kushuka. Hisa za NMB za shilingi 600 zilikwisha kuvuka shilingi 2,000 mwaka 2014. Za Vodacom ziliuzwa shilingi 850 mwaka 2017, baadaye zikashuka chini ya hapo. Aliyelazimika kuuza siku ile kwa sababu ya ada ya shule alipata hasara.

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya: hela ya mikopo na ya misiba isiguswe. Ile ya ziada tu, ambayo tunaweza kuisahau miaka mitano, ndiyo tuijadili, na tuanze na mfuko wa pamoja. Karibuni mkutanoni, kila mmoja aseme lake.

Umoja ni nguvu.

Mwenyekiti