Ngoma za Dar es Salaam zilizoibeba TANU

Juni 1955 chama cha TANU kilikuwa hakijatimiza hata mwaka kilipompokea mgeni kutoka London. Alikuwa John Hatch, ofisa wa chama cha Labour cha Uingereza aliyeshughulikia mambo ya makoloni. Viongozi walimweleza madai yao. Hatch akawauliza kama chama kina tawi la wanawake. Wakamjibu kwamba lipo. Kwa kweli halikuwepo, hata kwenye karatasi.

Wanawake waliokuwa wanachama walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa Titi binti Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na kusoma miaka minne tu. Kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16, ya mumewe Boi Selemani namba 15. Lakini watu wa mjini hawakumjua kwa siasa. Walimjua kwa sauti yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kundi la ngoma la akina mama.

Tarehe 8 Julai 1955 wanawake wapatao 400 walikusanyika kuzindua Sehemu ya Wanawake ya TANU. Bibi Titi alichaguliwa mwenyekiti, Tatu binti Mzee akawa katibu. Kufikia mapema Oktoba wanawake 5,000 walikuwa wamekata kadi. Miezi mitatu! Chama hakikuwa na gari la maana, redio ilikuwa ya serikali, na wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma. Anayetaka kuelewa jinsi Tanganyika ilivyopata Uhuru bila vita hana budi kutua kwenye miezi hiyo mitatu.

Bibi Titi hakuanza kwa kuhutubia uwanjani. Aliwaita viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, akazungumza nao kwanza, kisha kila kiongozi akarudi kwa watu wake. Vikundi hivyo vilikuwa na mpangilio ambao chama chochote kingeutamani. Kulikuwa na mama mkuu na wasaidizi wake, michango iliyokusanywa na kuhesabiwa mbele ya wote, na sare iliyonunuliwa kwa pamoja. Mwanachama akifiwa, wenzake walifika na sufuria, mchele na kanga za kulalia kabla hajamaliza kulia. Akioza binti, kikundi kilisimamia shughuli tangu mwanzo hadi mwisho. Asiyefika bila udhuru alitozwa faini. Habari ikitoka kwa mama mkuu alasiri, magharibi ilikuwa imezunguka Kariakoo nzima, nyumba kwa nyumba, bila kipande cha karatasi ambacho askari kanzu angeweza kukikamata.

Humo ndani makabila yalikuwa yamechanganyika zamani. Mzaramo alicheza bega kwa bega na Mmanyema na Mnyamwezi, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Umoja ambao viongozi wa chama waliuhubiri jukwaani, akina mama hawa walikuwa wakiuishi kila wiki.

Kulikuwa na sababu nyingine ya akina mama hawa kukibeba chama, nayo ni ya tumbo. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining ilipiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu wa serikali na mganga wa zahanati, yaani wasomi ambao kwa kawaida wangeongoza, walilazimika kuchagua kati ya chama na mshahara. Julius Nyerere mwenyewe alikumbana na uamuzi wa namna hiyo Machi 1955, aliporudi kutoka Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York na kuacha kazi ya ualimu Pugu. Wengi hawakuweza kufanya hivyo, na si haki kuwalaumu. Muuza vitumbua hakuwa na tatizo hilo. Mpika pombe ya kienyeji na mwenye vyumba viwili vya kupangisha hawakuwa na bosi wa kuwafukuza. Mkoloni alidhani wanawake hao hawana nguvu kwa sababu hawana vyeo, kumbe kukosa cheo ndiko kulikowaweka nje ya mkono wake.

Si kwamba hawakuhatarisha kitu. Wengine walikata kadi kwa siri na kuzificha kwa rafiki ili waume zao wasizione. Mwanamke aliyepanda jukwaani alisemwa vibaya mtaani, na Bibi Titi, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuhutubia mkutano wa siasa, alikuwa akisafiri majimboni na wanaume wasio ndugu zake. Wasafiri wa chama walipofika mahali, mtandao uleule wa akina mama ndio uliowapa pa kulala, uliowapikia na uliowakusanyia watu.

Mbali na pwani, kazi hiyo ilibebwa na taasisi nyingine. Usukumani, ambako serikali ilikataa kusajili matawi ya TANU hadi mwaka 1958, wakulima wa pamba walikuwa tayari wamejipanga kwenye vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani, na siasa ikapita humohumo, kwenye mizani ya pamba na mikutano ya wakulima. Mijini, vyama vya wafanyakazi viliungana Oktoba 1955 katika shirikisho moja, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Tom Mboya wa Kenya alikuwa amekuja kuwashauri.

Ilinganishe hali hiyo na UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za gavana. Kilikuwa na fedha, walowezi, wafanyabiashara na baadhi ya machifu. Kilichokosekana ni watu wa kuzikana na kuozana.

Mtihani mgumu ulikuja Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulipokutana Tabora. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Wajumbe wengi walikuja wakitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere aliwaambia kwamba wakisusia, viti vyote vitakwenda kwa UTP, lakini wakiingia, wanaweza kuwaunga mkono Waasia na Wazungu wanaokubaliana na TANU na kuugeuza mtego dhidi ya aliyeutega. Hoja yake ilishinda kwa taabu. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake cha African National Congress. Uchaguzi ulipofanyika, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na UTP ikafa.

Ushindi huo una upande ambao hautajwi sana. Sifa za kupiga kura zilikuwa kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambuliwa. Wengi wa wanawake waliokijaza chama hawakuwa na hata kimoja. Walihamasisha uchaguzi ambamo wao wenyewe hawakuruhusiwa kupiga kura. Uamuzi wa Tabora ulikuwa sahihi, lakini gharama yake ililipwa zaidi na walioanza kazi.

Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wa kwanza. Kwa jina ilikuwa hatua ya mbele. Kwa utendaji, mkondo wa maji uligeuzwa. Vikundi vya ngoma vilikuwa vimejiendesha, vikachagua viongozi wao na kukipa chama nguvu kutoka chini. UWT ilipokea maelekezo kutoka juu, na sauti iliyosikika ikawa ya mwenye elimu ya ofisini. Mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi, aliachia nyadhifa zake. Kisha akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 na kuachiwa mwaka uliofuata. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Mwanahistoria Susan Geiger ndiye aliyekaa na Bibi Titi na wanawake wengine wa Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza miaka ya 1980, akachapisha simulizi zao mwaka 1997. Hoja yake inakwenda kinyume na vitabu vingi vya shule: wanawake hawa hawakufundishwa utaifa na TANU, bali waliingia nao TANU wakiwa wameupata kwenye ngoma, vilioni na harusini. Tumewaandika walioandika katiba ya chama, mmoja mmoja, kwa majina. Akina mama wakuu wa vile vikundi vingine, waliorudi nyumbani kutoka kwa Bibi Titi Julai ile na kuwaita wanachama wao, wengi bado hawajaandikwa popote, na wajukuu wao wanaojua majina yao wanaishi Kariakoo, Ilala na Magomeni.