VITA YA PLAYSTATION, SEGA NA XBOX: MABILIONI YALIPOTEA JAPANI NA MAREKANI, JERO IKABAKI MOSHI

Ukishuka stendi kuu ya Moshi ukakata kuelekea Majengo, Pasua au Njoro kipindi shule zimefungwa, kibanda cha gemu utakisikia kabla hujakiona. Vijana wamebanana kwenye benchi, TV mbili zinaunguruma, jamaa mmoja yuko mlangoni anakusanya hela. Anayepita nje anaona watoto wanapoteza muda tu. Lakini kile kiboksi cheusi kilicho chini ya TV kimebeba historia nzito ya biashara. Kuna kampuni kubwa ilitolewa sokoni kwa sababu yake, na wenyewe waliokitengeneza walipanga hela yao irudi kwa njia ambayo kwenye kibanda cha Pasua haijawahi kupita.

Hiyo ndiyo stori ya leo, wadau.

KIBOKSI BEI CHEE, GEMU BEI MBAYA

Kwanza tuelewane namna hawa jamaa wanavyokula. Fikiria king'amuzi. Unauziwa kifaa kwa bei ya kawaida kabisa, wakati mwingine promosheni juu, halafu hela yenyewe wanaivuna kwako kila mwezi unapolipia kifurushi. Biashara ya gemu iko hivyohivyo. Mashine inauzwa kwa faida ndogo, au bila faida, au kwa hasara kabisa. Mkwanja unakuja baadaye, kwenye gemu. Kila nakala halali inayouzwa, hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine, lazima mwenye mashine akatiwe chake.

Nintendo ndiyo iliyoufanya mchezo huu uwe mkubwa. Ilianzishwa mwaka 1889 huko Kyoto, Japani, ikiwa kampuni ya kutengeneza karata za kuchezea. Mwaka 1983 ikatoa mashine yake iliyoitwa Famicom, na ikabana kila kona: ukitaka kuiuzia gemu mashine ile, unaomba ruhusa, unalipa, na kaseti unatengenezewa na wao.

Sony alikuja kuingia kwenye gemu kwa sababu ya ugomvi wa hela hiyohiyo. Walikuwa wanashirikiana na Nintendo kutengeneza mashine ya kutumia CD. Juni 1991, kwenye maonyesho ya Chicago, Sony wakaitangaza kwa mbwembwe. Kesho yake tu Nintendo wakapanda jukwaani kutangaza kwamba wanafanya kazi na Philips. Kilichowatisha Nintendo ni mkataba, maana ungewapa Sony mamlaka juu ya hela ya gemu za CD. Sony wakala aibu mbele ya dunia nzima, wakarudi nyumbani, wakaunda ya kwao. Tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ya kwanza ikaingia madukani Japani.

WAKATI HUO HUKU KWETU

Mwaka huohuo wa 1994, Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inapata vituo vya televisheni. Zanzibar walikuwa na TV yao tangu miaka ya 70, lakini Bara hakuna. ITV ilianza mwaka huo, mwenye nayo akiwa mfanyabiashara mzaliwa wa Machame ambaye kila mtu mlimani anamjua. Kwa hiyo Wajapani wanagombania nani atashika soko la gemu, familia nyingi za Kibosho na Marangu bado hazina hata TV ya kuchomekea hiyo gemu.

TV zilipoanza kuingia sebuleni, za kwanza kufika hazikuwa PlayStation. Zilikuwa zile gemu za kaseti, kopi za Kichina za Famicom. Kaseti imeandikwa gemu 999, ukizipitia unakuta ni chache zinajirudia. Contra na Mario wengi walivijua kupitia hizo. Nintendo hakuambulia hata senti. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa tabia iliyokuja kuamua kila kitu baadaye.

SEGA ANAANGUKA, MICROSOFT ANAMWAGA HELA

Turudi kwa wakubwa. Mei 1995 kwenye maonyesho ya Los Angeles, Sega walitangaza kwamba mashine yao, Saturn, itauzwa dola 399. Baadaye bosi mmoja wa Sony tawi la Marekani akaitwa jukwaani. Akataja namba moja tu, 299, akashuka. Ukumbi ukalipuka. Tofauti ya dola 100 ilitosha kuanza kuichimbia Sega kaburi.

Sega wakajaribu tena na Dreamcast mwishoni mwa 1998. Mashine ilikuwa nzuri, lakini mfuko ulikuwa umetoboka. Tarehe 31 Januari 2001 wakatangaza kwamba wanaacha kabisa kutengeneza mashine. Mwenyekiti wao, mzee aliyekuwa mgonjwa, alikuwa ameikopesha kampuni mamilioni ya dola kutoka mfukoni mwake. Kabla ya kufariki Machi 2001 aliwasamehe deni, akawaachia na hisa zake zenye thamani ya karibu dola milioni 695. Bila mzee yule, leo huenda jina Sega lisingekuwepo hata kwenye gemu.

Miezi michache mbele, Novemba 2001, Microsoft akaingia na Xbox. Huyu alikuwa na hela za kompyuta, akawa hajali kuumia. Inakadiriwa Xbox ya kwanza ilimpotezea karibu dola bilioni 4, na ikauza mashine kama milioni 24 tu.

Mshindi wa vita ile alikuwa PlayStation 2, iliyotoka Machi 2000. Iliuza mashine zaidi ya milioni 155 na nakala za gemu zaidi ya bilioni 1.5. Weka akilini hiyo namba ya pili, kwa sababu ndiyo iliyolipa kila kitu. Na ndiyo namba ambayo Moshi haimo.

KWA NINI MLIMA ULICHAGUA PS2

Swali la msingi: kwa nini kitaani ilishinda PS2 na sio Xbox au GameCube ya Nintendo?

Jibu la kwanza ni CD. Sony waliachana na kaseti kwa sababu CD ni rahisi kutengeneza. Lakini kinachokuwa rahisi kutengeneza Japani, kinakuwa rahisi kukopi Kariakoo. Fundi anaifungua mashine, anaichipu, na kuanzia hapo inasoma CD yoyote. Gemu iliyouzwa dola 50 Marekani ikawa inapatikana kwa hela ya soda kadhaa.

La pili ni mtumba. Wazungu na Wajapani walipohamia mashine mpya, zile za zamani zilikuja huku zikiwa zimetumika. Watu wa Moshi hawahitaji kufundishwa mtumba, wana Kiborloni na Memorial. Kitu kilichochoka kwa mwenzio, kwako kinaanza maisha.

La tatu ni fundi. Lenzi ikichoka inabadilishwa. Lenzi nazo zilipoadimika, ikaja programu ya kuweka kwenye memori kadi, mashine ikawa inasoma gemu kutoka kwenye flashi bila CD kabisa. PS2 ilikuwa kama pikipiki ya Kichina, kila mtaa una anayejua kuifungua.

La nne, na hili halisemwi sana, ni LUKU. PS2 nyembamba ilikuwa inakula chini ya wati 50. PlayStation 3 ya mwanzo ilikuwa inakula karibu wati 200 ikiwa kazini. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ni tofauti ndogo. Kwa mwenye kibanda anayenunua umeme wa buku mbili mbili, hiyo ni faida ya siku imeondoka.

Tupige hesabu ya mfano. Mechi ya dakika 10 kwa shilingi 200 ni 1,200 kwa saa kwa TV moja. Saa 8 ni 9,600. TV mbili ni 19,200. Toa umeme, toa kodi ya chumba, toa pedi zinazovunjwa na wanaofungwa, bado kuna kitu kinabaki. Mechi ikipanda kuwa jero, hesabu inanenepa zaidi. Na ikifika Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, watoto wa Dar wamejaa Machame na Rombo na mifuko ina hela za wajomba, hapo mwenye kibanda anacheka mwenyewe.

Angalia kilichotokea sasa. Sony alipanga ale kwenye gemu. Kwenye kibanda, gemu ilikopiwa, mashine ilikuwa ya mtumba. Hasara aliyobeba Sony au mnunuzi wa kwanza, faida akaila kijana wa Pasua.

2006: HASARA ZA KUTISHA

Novemba 2006 Sony akatoa PlayStation 3 kwa dola 499 na 599. Wachambuzi waliofungua mashine na kuhesabu vifaa walikuta ile ya 599 inagharimu kama dola 840 kuitengeneza. Kila aliyenunua alikuwa anamwachia Sony shimo la zaidi ya dola 200. Mwaka huo wa fedha kitengo cha gemu kikapata hasara ya yeni bilioni 232.

Microsoft naye hakupona. Xbox 360 zilikuwa zinakufa, zinawaka taa nyekundu, mchezo umeisha. Julai 2007 ilibidi atenge zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo. Aliyecheka ni Nintendo, ambaye Wii yake ya dola 250 iliuza zaidi ya milioni 100.

Kwenye vibanda vya Moshi vita hiyo karibu haikusikika. CD za PS3 zilikuwa ngumu kukopi, kufuli lake lilichukua miaka kuvunjwa, na umeme ndiyo huo tumeusema. Watu wakabaki na PS2. Sony mwenyewe aliendelea kuitengeneza hadi mwishoni mwa 2012, na PES 2014 ikatoka kwa PS2 wakati dunia tayari inasubiri PS4.

KAHAWA ILISHAFUNDISHA

Watu wa Kilimanjaro somo hili walitakiwa kulijua mapema kuliko wote. Mkulima wa kahawa anauza mbegu, hela kubwa iko kwa anayekaanga na kuuza kikombe. Anayeshika mlango ndiye anayekula. Wazee waliliona hilo, ndiyo maana walianza umoja wa wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ili wauze kwa pamoja na wahesabike. Walijua kwamba mtu asiyehesabika sokoni hana sauti.

Kwenye gemu, kitaa kilikwepa mlango kabisa. Ilikuwa raha kwa miaka mingi, ila bili imekuja. Soko la vibanda halikumlipa mtu, kwa hiyo hakuna aliyelihesabu. Kwenye vitabu vya Sony, mtoto wa Njoro aliyecheza Winning Eleven miaka 10 hayupo. Na kwa kuwa hayupo, hakuna aliyemuandalia kitu. Mpaka leo mtandao wa PlayStation haujafungua rasmi huduma kwa Tanzania. Kijana anafungua akaunti akijifanya yuko Marekani au Afrika Kusini, halafu anatafuta kadi za kulipia kwa madalali.

Upande mwingine pia tuseme ukweli. Kukopi kuliwaumiza waliotengeneza gemu, na kulimuumiza hata Mbongo ambaye angetaka kutengeneza ya kwake. Nani atanunua gemu yako kwa elfu kumi wakati mtaa umezoea buku?

MLANGO UNAFUNGWA

Zamani mashine ilikuwa inashuka bei kadiri inavyozeeka. PS2 ilianza dola 299 Marekani, kufika 2009 ilikuwa 99. PS5 imegeuza utaratibu. Ilitoka Novemba 2020, Agosti 2022 Sony akapandisha bei kwenye nchi nyingi. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699 na haina hata sehemu ya kuchomeka CD, ukiitaka unainunua pembeni. Microsoft naye alimaliza mwaka 2023 kununua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, ili awe na gemu za kuwauzia watu wanaolipia kila mwezi.

Maana yake ni moja. Hawataki tena kitu ambacho watu 15 wanakaa kwenye benchi kukichangia. Wanataka kila mtu na akaunti yake, kadi yake ya benki, malipo yake. Bila CD hakuna mtumba wa gemu, hakuna kuazimana, hakuna kumuuzia mwenzako ukishaichoka.

Mwenye kibanda wa Moshi leo anashikilia PS4 ya mtumba yenye CD, na itamsukuma miaka kadhaa. Baada ya hapo ataingia kwenye soko ambalo kwa mara ya kwanza litamtaka alipe mlangoni kama wengine. Akilipa peke yake ataumia. Wakilipa kwa umoja, kama wazee wa kahawa walivyofanya, labda kuna mtu Tokyo ataanza kuihesabu Moshi.

Wadau wa Moshi, Marangu, Machame na Rombo: kitaani kwenu siku hizi jero inanunua dakika ngapi, na kibanda kimehamia PS gani? Tupia hapo chini.