Dishi la Longonot na nyota changa

Wasomaji wangu, ukitoka Nakuru kwenda Nairobi, ukifika Longonot wengi huona mlima tu. Mimi huwaza madishi. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka wa 1970, simu za ng'ambo zikapitia angani. Mwaka wa 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia baharini. Sisi waandika programu tukashangilia kasi, madishi yakapungukiwa kazi.

Lakini yana kazi nyingine. Mwaka wa 1965 wanaastronomia wa Berkeley walinasa mawimbi ya redio ya ajabu kutoka angani. Ilikuja kujulikana ni maseri, ndugu wa leza aliyejiunda mwenyewe. Vumbi lililopashwa joto na nyota changa huzijaza molekuli nishati. Wimbi likipita, kila molekuli huongeza nakala ya wimbi lilelile, kama programu inayojinakili.

Mwaka wa 1991 Karl Menten alitangaza maseri ya methanoli, kwenye gigahezi 6.7. Hiyo hutuonyesha nyota kubwa zinapozaliwa, ndani ya vumbi lisilopenywa na mwanga. Na madishi ya simu yalirusha mawimbi kwenye gigahezi 6 hivi. Majirani kabisa!

Ghana waligeuza dishi lao la Kuntunse, la mita 32. Kufikia 2017 lilikuwa limenasa maseri za methanoli. Kenya imo katika mpango huohuo wa Afrika, na Longonot imetajwa. Jamani, tusikimbilie kuita chuma chakavu kitu kinachoweza kusikia nyota zikizaliwa.