Sasa ya Mrina Asali: Umakini na Kesho katika Misitu ya Mitundu

Mwaka 1969 John Mbiti alichapisha African Religions and Philosophy na kudai kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi una pande mbili tu, uliopita na uliopo. Ukivuka miezi michache, pengine miaka miwili, hakuna wakati ujao wa kuzungumziwa. Kwame Gyekye alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Waakan wa Ghana, na kwa maoni yangu alimshinda. Hata hivyo, dhana moja ilibaki bila kuguswa, nayo leo inahubiriwa na washauri wa saikolojia na wahamasishaji wa mijini: kwamba anayezama katika sasa ameipa kesho kisogo.

Mitundu, kusini mwa mji wa Itigi mkoani Singida, ni mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, na msitu wa miombo, pamoja na mitundu yenyewe (Brachystegia spiciformis), huwapa nyuki maua. Mfugaji hutundika mzinga wa gome au gogo juu ya mti bila uhakika kwamba kundi litaingia. Kisha husubiri. Siku ya kurina hupanda jioni au usiku na kienge cha moshi, na kuanzia hapo hana ruhusa ya kuwaza kingine. Mlio wa nyuki ukibadilika, yampasa ausikie kabla hawajamvamia. Mkono ukiharakisha, sega huvunjika. Moshi ukizidi, asali huchukua harufu yake. Anatazama kama sega limefunikwa kwa nta, kwa kuwa lisilofunikwa lina maji mengi na asali yake itachacha. Analobakiza mzingani huamua kama kundi litakaa au litahama.

Kesho yote ya mfugaji huyu imo katika uangalifu wa usiku huo mmoja. Hajaisahau. Ameikabidhi kwa macho na masikio yake, na ndiyo maana anaweza kuacha kuihangaikia. Kuishi katika wakati uliopo, kwa maana ninayoitetea, ni kazi ya umakini yenye ustadi wake, na haina ukoo na uzembe wa kula leo bila kujali kesho.

Faida zake zina ushahidi. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwauliza watu 2,250, wengi wao Wamarekani, kupitia simu zao, walikuwa wakifanya nini na kuwaza nini. Akili zilikuwa zimetangatanga katika asilimia 46.9 ya majibu, na watu walikuwa na furaha kidogo zaidi nyakati hizo kuliko walipozingatia walichokuwa wakifanya. Hata mawazo ya kupendeza hayakuwafurahisha zaidi kuliko kuzingatia kazi iliyo mbele yao. Sishangai, ingawa nina shaka kama mwenye simu ya kisasa anaweza kumsemea mkulima.

Kwa mkulima tunao utafiti mwingine. Mwaka 2013 Anandi Mani na wenzake waliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno. Watu walewale walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili kabla ya kupata fedha. Ukata ulikuwa umechukua sehemu ya akili yao. Kwa hiyo kumwambia mtu wa namna hiyo atulize mawazo ni kumtaka alipe kwa mali aliyokwisha kunyang'anywa.

Turudi mzingani. Anayedaiwa ada ya shule au pembejeo huona siku ya malipo kabla ya kuona sega. Anarina mapema, nta haijafunika, na mnunuzi anamkata bei kwa sababu ya maji. Mtazamaji wa mbali atasema huyu anaishi kwa ajili ya leo tu, naye Mbiti angeweza kumtaja kama ushahidi. Ukweli ni kinyume: tarehe ya mdai imeingia hadi juu ya mti na kumtoa kwenye saa ya asali. Wanaotaka kuwafundisha wafugaji hawa utulivu wa akili wangeanza kwa kuwauliza wanunuzi na wakopeshaji kwa nini kalenda zao hazifuati msimu wa maua.