Filamu ya ziwa letu na wagonjwa wake wa mekapu

Desemba 2026, filamu The African Queen itatimiza miaka 75. Sisi wa Uvira, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, inatuhusu nusunusu. C. S. Forester aliitoa riwaya yake ya 1935 katika vita vya ziwa letu: Waingereza na mashua zao Mimi na Toutou, Wajerumani na meli yao Graf von Götzen, Liemba ya baadaye. Lakini kamera hazikufika Uvira. Mwongozaji John Huston aliwapeleka watu wake mto Ruiki, karibu na Ponthierville (Ubundu ya leo), kisha Butiaba, Uganda, kwenye Ziwa Albert.

Katika kisa hicho mmisionari anashikwa na homa hadi kufa. Robert Morley, aliyemwigiza, alipigiwa picha Uingereza, kwa hiyo homa yake yote ni kazi ya mekapu. Hata ruba wanaomganda Humphrey Bogart, nyota wa filamu, walikuwa wa mpira. Bogart aliwakataa walio hai, ikabidi ruba wa kweli apigwe picha kifuani mwa mfugaji wake.

Nyota mwenzake, Katharine Hepburn, hakuhitaji kupakwa kitu. Mwenyewe aliyaandika ya safari ile katika kitabu cha 1987, na ugomvi wake na wanaume wale wawili ndio utamu wa habari. Bogart na Huston walikunywa wiski asubuhi na jioni. Mama huyo, kwa kuuchukia ulevi wao, akashika maji tu, ili wajifunze. Maji yakamlaza! Inasimuliwa kwamba katika onyesho la kanisani, mwanzoni mwa filamu, ndoo iliwekwa pembeni ya kamera: anapiga kinanda, anatapika, anajifuta, anarudi kwenye kinanda. Walevi wakabaki wazima, na Bogart akatwaa Oscar.

Hollywood bado inacheka. Kwetu maji hayachekeshi. Utafiti wa Uvira wa miaka ya 2009 hadi 2014 ulionyesha kwamba bomba likikauka siku moja, wanaolazwa kwa dalili za kipindupindu huongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata. Wengi hurudi ziwani na ndoo.

Basi neno kwa vijana wa tamthilia wanaohamasisha mitaani kuhusu kipindupindu. Kumpaka mwigizaji unga usoni kunaleta mzuka, na watoto wanaangua kicheko. Kumnyunyizia jasho kunaleta sura ya malaria. Mgonjwa wa kipindupindu amekaukiwa: macho yamezama, midomo imepasuka, vidole vimekunjamana kama vya mfuaji nguo. Kwa ngozi nyeusi, masizi yaliyochanganywa na mafuta, yakipakwa kidogo chini ya macho na chini ya mashavu, na majivu mepesi midomoni, yanatosha. Halafu mwonyesheni akinyweshwa maji yenye chumvi za ORS na kukimbizwa hospitali, maana anayewahi kutibiwa hupona.