Miguu Inayokataa Kutulia: Historia ya Dawa za Akili, Kutoka Paris Mpaka Ndera

Juzi mtu aliuliza hapa kwa nini watu wanaotoka Ndera wanatembea kama roboti, wengine mkacheka. Mimi sikucheka, na sababu nitaifikia. Tuanze na historia kwanza.

Dawa ya kwanza ya aina hii ni klopromazini, wazee wetu wanaijua kwa jina la Largactil. Ilitengenezwa Ufaransa mwezi wa 12 mwaka 1950 na mkemia Paul Charpentier, kwenye kampuni ya Rhône-Poulenc. Daktari mmoja wa jeshi, Henri Laborit, alikuwa anatafuta kitu cha kumsaidia mgonjwa wa upasuaji mwili usishtuke sana. Akaona ajabu: mtu anabaki macho, lakini hana tena wasiwasi na kitu chochote. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili, hospitali ya Sainte-Anne pale Paris. Watu waliokuwa wanapiga kelele usiku kucha wakatulia, wakaanza kuongea na wauguzi. Ukikumbuka kwamba mwaka 1949 tu Tuzo ya Nobel ilipewa Egas Moniz kwa kazi ya kukata nyuzi za ubongo, utaelewa kwa nini madaktari walifurahi vile.

Ila mwili nao ulikuwa na maneno yake. Mikono ikatetemeka, uso ukakauka kama umevaa kinyago, mate yakadondoka, hatua zikawa fupi fupi. Sasa sikilizeni hii, maana mimi iliniumiza kuisoma. Huko Ujerumani miaka ya 1950, daktari Hans-Joachim Haase alikuwa anawapa wagonjwa karatasi waandike sentensi. Dozi ikipanda, vidole vinakaza na herufi zinakuwa ndogo. Kwake hiyo ilikuwa alama kwamba sasa dozi imefika. Yaani ugumu wa mwili ulichukuliwa kama ushahidi kwamba dawa inafanya kazi! Kwa haki yake, yeye alitaka madaktari waishie pale pale kwenye badiliko dogo la mwandiko, wasizidishe. Lakini kwenye mahospitali mengi walizidisha tu.

Mwaka 1958 Ubelgiji, Paul Janssen na watu wake wakatoa haloperidoli. Hii ni kali zaidi, miligramu chache zinatosha. Ndiyo hiyo mnayoiona mpaka leo kwenye vituo vya afya vyetu.

Kwa nini inakaza mwili? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1963, Arvid Carlsson wa Sweden alipoonyesha kwamba dawa hizi zinagusa njia ya dopamini kwenye ubongo. Dopamini hiyo hiyo ndiyo inasaidia mwili kwenda vizuri. Ukiizuia ili sauti za kichwani zinyamaze, unazuia na miguu. Sio pepo, sio uvivu. Kuna na madhara yanayochelewa: baada ya miaka, mdomo na ulimi vinaanza kucheza vyenyewe, na saa zingine haviachi hata dawa ikisimamishwa.

Sasa turudi nyumbani. Hospitali ya Ndera, hapa Gasabo, ilianzishwa mwaka 1968 na Frères de la Charité, watawa walioanzia Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Ndio hao hao wa Sosame kule Bukavu na wa Kamenge Bujumbura, kwa hiyo Wakongomani na Warundi wengi kwenye hiki kikundi familia zao zinawajua. Mwezi wa 4 mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia Ndera. Wanajeshi wa Ulaya wakaja kuchukua wazungu, wakaondoka. Waliobaki, wakimbizi na wagonjwa, wakauawa. Mimi nikipita kwenye lango lile huwa nanyamaza.

Nchi nzima ikabaki na majeraha ya kichwani na karibu hakuna daktari. Dk. Naasson Munyandamutsa, aliyesomea Uswisi, alirudi na kwa muda mrefu alijulikana kama daktari pekee wa magonjwa ya akili Rwanda. Alifariki mwaka 2016. Baadaye huduma zikashushwa mpaka hospitali za wilaya, kwa mikono ya wauguzi. Na dawa zilizowafikia ni zile za zamani: klopromazini, haloperidoli na amitriptilini zimo kwenye orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya WHO ya mwaka 1977. Ni za bei ndogo. Bila hizo watu wengi wangekuwa bado wamefungwa kamba nyuma ya nyumba, hilo tusilifiche.

Sasa ile sababu ya kutocheka. Nilipokuwa najitolea kambini, kulikuwa na jirani tulimwita Yaya, mkubwa kwangu kidogo. Alianza sindano, sauti zikapungua. Baada ya siku kadhaa akawa hakai. Anainuka, anakaa, anainuka, usiku anazunguka nyumba mpaka asubuhi. Mama yake akaniambia, "Mwanangu, ugonjwa umerudi." Mimi nikaandika kwenye daftari: anasumbua tena. Nikapeleka. Dozi ikaongezwa. Akawa mbaya zaidi, akasema afadhali afe.

Muuguzi mwingine, wa kituo kingine, ndiye aliyemuuliza swali ambalo mimi sikuuliza: "Hicho kitu kinachokusukuma, kiko kichwani ama kwenye miguu?" Akajibu: kwenye miguu. Dozi ikapunguzwa, akapewa na kidonge cha kusaidia. Ndani ya wiki moja alikaa kwenye benchi letu akanywa uji wote bila kuinuka.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Dawa zingine zinaleta njaa kali, na nyingine ukimeza tumbo tupu unapata kizunguzungu. Mwaka 2021 WFP ilipunguza msaada wa chakula wa wakimbizi Rwanda kwa asilimia 60. Mtu akiacha vidonge wakati kama ule mnasema hataki kupona? Tangu 2019 wakimbizi wa mjini tunaingia kwenye mutuelle, angalau mlango wa hospitali uko wazi zaidi. Lakini mutuelle haileti chakula cha mchana.

Mtu asiache dawa ghafla peke yake kwa sababu amesoma hapa, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Aende aseme. Na wewe unayejitolea, daftari lako liwe na nafasi ya miguu, mate, usingizi, njaa. Langu lina mstari huo sasa, niliuchora kwa bic. Yaya ndiye aliyenionyesha niweke "midomo kukauka" pia, nilikuwa nimeisahau.