Kumwona Mungu Kabla ya Kufa: Ugomvi Uliosahaulika wa Walokole

Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, yenye makao yake Kasulu, inatimiza miaka 60 tangu ilipoundwa mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga. Risala za sherehe kama hizi hutaja majengo, maaskofu na idadi ya parokia. Swali lililowapasua waumini wa kizazi kilichotangulia, kama mtu aweza kumwona Mungu akingali hai, halitajwi.

Waha, wenyeji wa eneo la Kasulu, walikuwa na Imana, muumba asiyeonekana, kabla ya mmisionari wa kwanza. White Fathers, wamisionari Wakatoliki waliofika Ujiji mwaka 1879, walikuja na fundisho lililotangazwa na Papa Benedikto XII mwaka 1336: roho iliyokwisha kutakaswa humwona Mungu uso kwa uso baada ya kifo, bila kungoja kiyama. Waadventista Wasabato wa misheni ya Heri wakafundisha kwamba wafu wamelala hadi Bwana atakaporudi. Hitilafu ni kubwa, lakini kwa wote kuona kulikuwa jambo la baadaye.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake waliitwa walokole, yaani waliookoka, haukutaka kungoja. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, ambaye kitabu chake cha mwaka 1981, Quest for the Highest, ndicho ninachokifuata zaidi hapa, alikutana na Simeoni Nsibambi Kampala mwaka 1929, wakakaa na Biblia pamoja. Kutoka Gahini moto ulifika Katoke, kaskazini ya Buha, nchi ya Waha, mwishoni mwa miaka ya 1930, ukaendelea kusambaa Tanganyika. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa na nzito kuitenda: kinachomficha Mungu ni dhambi uliyoificha wewe, itaje mbele ya ndugu, utembee nuruni, utamwona Yesu leo. Watu walisimama ushirikani wakataja wizi na uzinzi, wakarudisha mali za wenyewe. Wazungu nao walitubu mbele ya Waafrika. Katika koloni, hilo lilikuwa tishio kubwa kuliko mahubiri yoyote.

Kasheshe ilitokea Mukono, Uganda, mwaka 1941. Wanafunzi wa Chuo cha Bishop Tucker, William Nagenda akiwa kinara wao, waliamka alfajiri kusali na kuhubiri, wakawashutumu walimu kwa kulegeza imani. Mkuu wa chuo, John Jones, aliwakataza. Wakagoma kutii, na 26 wakafukuzwa. Church anaiona kama mateso ya watakatifu. Mimi naona pia upande wa mwalimu: ni vigumu kumfundisha theolojia mtu ambaye ameshamwona Mungu, na anakuambia wewe hujamwona. Hata hivyo Nagenda aliyenyimwa mimbari alizunguka nchi nyingi akihubiri, na wengi wa walokole hawakuanzisha dhehebu lao. Walibaki kanisani, wakawa kero na uti wa mgongo wake.

Baada ya hapo yamepita mengi: uhuru, maaskofu wazalendo, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwaka 1996 na wakimbizi waliokuja na makanisa yao. Swali lile likasahaulika.

Nyaraka za Church kuhusu uamsho huo zimehifadhiwa Cambridge, Uingereza, zimepangwa vizuri, na mtafiti wa Ulaya huzipata kwa urahisi kuliko kijana wa Kibondo, huku Buha. Fedha za jubilei zingetosha kununua vinasa sauti viwili na kuwalipia nauli vijana wakawasikilize bibi na babu wa ushirika, kwa Kiha, kabla mwaka haujaisha.